Kazi ya Kusikiliza

Wapendwa wengi hutuuliza: "Hiyo shahada ya uzamivu ya isimu italisaidia nini kanisa? Kwa nini msisome theolojia?" Ni swali la haki. Miaka inakwenda, ada ni nzito, na wenzetu tuliomaliza nao shahada ya kwanza wamekwisha kujenga.

Tunasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kusikiliza. Tunakwenda vijijini kwa wazee, tunarekodi mazungumzo yao, kisha tunakaa kuchambua ngeli na toni, maana sauti ikipanda au ikishuka neno laweza kuwa jingine. Mzee mmoja aliyetufundisha lugha ya kwao alifariki kabla tasnifu haijakamilika. Wajukuu wake husali kwa Kiswahili tu. Sala zake za kilugha zimebaki katika rekodi zetu.

Ndipo tunapomkumbuka mmisionari Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akawazika mkewe na mtoto wao mchanga. Hakuacha kujifunza Kiswahili. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwaka 1881.

Basi hata sisi hatujaahidiwa kuyaona matunda. Lakini siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha yake mwenyewe. Hakuna lugha iliyokuwa ndogo mno mbele za Mungu. Hilo latutosha kuzifungua tena zile rekodi na kusikiliza.