Kimo na Mbio

Katika vibanda vya gemu vya Sombetini, mjini Arusha, vijana wengi hucheza kandanda. Wachache, aghalabu wale wanaoshinda pia uwanjani, huuchagua mpira wa kikapu. Mchezo uitwao NBA 2K, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1999, humruhusu kijana kumwumba mchezaji wake mwenyewe: amchagulie kimo, uzito na urefu wa mikono. Hapo ndipo ubishi uanzapo.

Kila kijana amtaka mchezaji mrefu kama mnazi na mwepesi kama paa. Watungaji wa mchezo wamemkatalia. Uwezo hupimwa kwa alama zisizozidi 99, na kadiri kimo kinavyopanda ndivyo ukomo wa mbio unavyoshuka. Vijana hulalamika, lakini sisi twaona watungaji wana haki, kwani pasipo bei hiyo wote wangaliumba mtu mmoja yule yule, na mchezo ungalikufa. Bao letu lilikwisha kuitatua shida hii zamani, tena kwa wepesi: kete 64, kila mchezaji 32, na hakuna azaliwaye na kete za ziada.

Uwanjani, hata hivyo, hakuna agawaye kete. Katika msimu wa 1987/88 timu ya Washington Bullets ya Marekani ilikuwa na Manute Bol, Mdinka kutoka Sudan, mwenye kimo cha meta 2.31, na pamoja naye Muggsy Bogues wa meta 1.60. Huyo mfupi alidumu katika ligi ile misimu 14. Ndugu yetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye meta 2.21, alichaguliwa wa pili mwaka 2009, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza huko. Lakini Februari 2010 timu yake ilimpeleka ligi ya chini akajinoe. Kimo kilimfungulia mlango, wala hakikumtandikia kitanda. Na leo yuko Mfaransa Victor Wembanyama, mwenye baba wa asili ya Kongo, mrefu kumpita Thabeet, naye hupiga chenga kama mtu mfupi. Kwa hesabu ya kibandani, huyo ni kosa la mashine.

Linalotusumbua ni pale hesabu hiyo inapotoka kibandani na kuingia uwanjani. Mfupi huambiwa akimbie tu, asithubutu kugombea mpira chini ya pete. Mrefu huwekwa pale kama nguzo, akiupata mpira autoe upesi. Walimu nao hawakosi kugawa nafasi hivyo, maana kupima kimo kwa macho ni rahisi kuliko kumtazama mtoto akicheza mwezi mzima.

Tulimwona binti mmoja mrefu, mwenye mikono mizuri ya chenga, akipigiwa kelele arudi chini ya pete. Alirudi. Kipindi cha pili akaupokea mpira katikati ya uwanja, akaupeleka mwenyewe mpaka kikapuni, na wale waliompigia kelele wakawa nyuma yake wakihema.