Njiani kuelekea Epulu

Wakati wa likizo tulipanda gari ya mizigo kule Komanda, tukapita Mambasa, tukielekea Epulu. Tulikuwa waalimu wawili na wamama watatu wa kikundi, tumekaa juu ya mifuko ya chumvi.

Karibu na miji pori limekwisha: ni mashamba ya mihogo na ya kakao, na moshi wa makala. Mbele zaidi miti mikubwa inafunga njia pande zote. Tukasema, sasa tutaona nyama wa pori. Hatukuona hata mmoja. Tuliowaona walikuwa kwenye meza kando ya barabara, wamekaushwa kwa moshi: mboloko wadogo, kima wawili, na panya wa pori tele.

Tukamuuliza muuzaji, mama mzee: "Mama, wale wakubwa wako wapi?"

"Binti zangu, zamani bwana yangu alitega wavu nyuma ya nyumba. Leo mtoto wangu anatembea siku mbili."

Si ajabu. Tembo anabeba mimba miezi 22, okapi zaidi ya 14, na kwa kawaida anazaa mtoto mmoja tu. Panya anazaa wengi, tena upesi. Watu wakiongezeka, kwa kufuata barabara na zahabu, wakubwa wanatangulia kwisha. Na mtego wa waya hauchagui: umewekwa kwa ajili ya mboloko, unakata mguu wa okapi.

Huyo okapi, porini anaishi katika Congo yetu tu, pengine popote hayuko. Hifadhi yake iliundwa mwaka 1992. Unesco ikaiandika katika urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaiweka kati ya zilizo hatarini. Mwaka 2012 watu wenye silaha walishambulia kituo cha Epulu. Watu waliuawa, na okapi 14 waliotunzwa pale wakafa. Hapo tulisimama kimya.

Tuseme kweli: tulikuwa tumenunua mboloko mmoja. Njaa ilituuma, na makayabo yalikuwa bei zaidi. Wakati wa kurudi tulimkuta yule mama palepale, tukamwambia habari ya okapi. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza:

"Nikiacha kuuza, minerivale ya mjukuu wangu wa sekondari nitalipa na nini?"

Sisi waalimu tukaangalia chini. Sehemu ya mshahara wetu inatoka katika feza hizo hizo.