Kadi ya Biashara Yake, Jina la X Wake

Kuna dada mmoja Sinza, mpambaji wa maharusi, mkono wake unajulikana mpaka Kibaha. Hana saluni ya vioo wala bango barabarani. Alichokuwa nacho ni kadi moja ya kwenye simu, aliyoitengeneza usiku mmoja kwa Canva: picha ya bibi harusi aliyempamba, huduma zake, bei za kuanzia, na namba ya simu pale chini kwa maandishi makubwa.

Kadi za karatasi alishawahi kuchapisha Kariakoo, zikaishia kwenye mikoba ya watu. Hii ya simu ilikuwa na miguu. Akiiweka statasi asubuhi, jioni iko kwenye magrupu matatu ya kicheni pati. Shangazi anamrushia mpwa, mpwa anawarushia mashosti zake, Jumamosi zinajaa.

Tatizo lilikuwa moja, na alilijua. Mteja akitaka kutuma advansi, jina linalotokea ni la mwanaume.

"Mbona jina la mkaka?"

"Tuma tu dear, ni mume wangu."

Hakuwa mume. Alikuwa jamaa yake wa zamani. Laini ilisajiliwa kwa kidole cha jamaa, kipindi kile cha purukushani za alama za vidole, watu wanawahi mwisho wa tarehe 20 Januari 2020. Yeye namba ya NIDA alikuwa bado hajapata, jamaa akamwambia chukua hii utumie. Mapenzi yakaisha, laini ikabaki. Nani angeitupa namba iliyoko kwenye simu za nusu ya maharusi wa mjini?

Siku bodaboda walipomkwapulia simu Shekilango, hakulia sana. Simu inanunuliwa, laini inarudishwa. Akachukua RB polisi, akaenda dukani kwa kampuni ya simu, akaweka kidole. Kikagoma. Dada wa kaunta akamwambia kwa upole kwamba mwenye laini ndiye aje. Akampigia jamaa kwa simu ya kuazima. Haikupokelewa. Akatuma meseji. Kimya.

Kumbe jamaa alikwenda. Akairudisha laini kwa kidole chake, akaifungulia WhatsApp, na wateja waliokuwa na ile kadi wakawa wanamwandikia yeye. Bibi harusi mmoja wa Tabata akauliza nafasi, akajibiwa ipo. Akatuma 150,000. Jina la mwanaume lilipotokea hakushtuka, maana shosti yake alishamwambia "ni mume wake huyo."

Jumamosi alfajiri bibi harusi kakaa kwenye kiti, uso umeoshwa, anasubiri. Saa mbili, hakuna mtu. Saa tatu, simu haipokelewi. Akapambwa na jirani, harakaharaka. Jioni ile kadi ikarudi kwenye magrupu yote, safari hii ikiwa na neno moja jekundu juu yake: TAPELI.

Dada alipopatikana kwenye simu, jamaa alikuwa na jibu fupi. Laini yangu, hela imeingia kwangu.

Jumatatu dada alikopa kwenye kikoba, akaenda Tabata mwenyewe kurudisha hela ambayo hakuila. Mama mzazi alizihesabu bila kumkaribisha kiti. Usiku aliandika kwenye grupu, "Hela imerudi." Hakuongeza neno, na lile TAPELI halikufutwa. Picha ikisharushwa na watu haina wa kuirudisha: unaweza kufuta uliyotuma wewe, za wengine huzifikii.

Sasa ana namba ya NIDA, laini mpya na kadi mpya, na hii ameitengeneza kwa akili. Siyo picha tupu. Anatuma faili la mawasiliano, mteja anabonyeza mara moja, jina na namba vinaingia kwenye simu yake. Pembeni kuna QR kodi inayofungua ukurasa wake, siyo namba moja kwa moja, ili siku namba ikibadilika abadilishe pale ukurasani na kodi ibaki ileile. Na chini ameandika: "Jina litakalotokea ukituma hela ni langu. Ukiona lingine, usitume."

Ya zamani bado inazunguka. Kila wiki kuna mtu anaiibua, na yeye anajibu kwa kutuma mpya, bila maelezo marefu.

Mteja wa kwanza wa laini mpya alimpigia kabla ya kutuma advansi. Akamsomea jina lililotokea, yote matatu, taratibu kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Hapo ndipo alipolia.

Wangapi humu tunafanyia biashara laini ya x, ya kaka, ya rafiki aliyehama mji? Piga *106# uangalie usajili. Halafu rudi utuambie: namba iliyoko kwenye kadi yako ni ya nani?