Kipimo cha Diski

Fundi wa kampuni iliyoniuzia gari aliniambia diski za breki za mbele zimekwisha. Bei aliyotaja ilikaribia ada ya mwanangu ya mwaka mzima. Ndugu msomaji, breki si jambo la kufanyia ubahili, maana ni roho za watu. Lakini pia si jambo la kutishiwa. Diski nyingi huandikwa juu yake unene wa mwisho unaoruhusiwa. Nikamwomba anipimie nikiona. Kikomo kilikuwa milimita 20. Zangu zilisoma 21.5 kila upande, wala hazikuwa na ufa. Nikabadilisha pedi za breki tu. Zikifika 20 nitalipa bila kunung'unika. Hofu haina kipimo, chuma kinacho. Na fundi anayekataa kukupimia amekwisha kukujibu.