Nilibonyeza « Oui » bila kusoma

Wandugu wasomaji, leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya maharagi sokoni. Nawaletea kosa langu mwenyewe.

Nilialikwa kuzungumza na wanafunzi hapa Musienene juu ya uvumi. Sisi wa Butembo, Beni na Lubero tunajua uvumi unaweza kuua. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliondoa watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa nchi yetu, na wapo waliokataa matunzo kwa sababu ya maneno ya kusikia tu.

Basi nikatayarisha mchezo katika PowerPoint: maswali 20, kila moja na vifungo viwili, « kweli » na « uvumi ». Makro, yaani amri ndogo zilizoandikwa ndani ya faili, zilihesabu alama. Kazi ya usiku tatu.

Wakati wa kuhifadhi, kompyuta ikatoa onyo kwa Kifaransa: aina hii ya faili haitunzi makro, unataka kuendelea? Betri ilikuwa inaisha. Nikabonyeza « Oui ». Vifungo vilikuwa bado vinafanya kazi, nikafunga, nikalala kwa amani.

Kesho yake, mbele ya darasa, slaidi zilifunguka vizuri, lakini vifungo vilikuwa vimekufa. Nilipowaeleza, msichana mmoja akauliza: « Papa, kumbe hata wewe unakubali jambo bila kulisoma? » Darasa lote likacheka. Tukaendelea kwa kuinua mikono, alama tukaandika ubaoni.

Nilichojifunza ni hiki. Tangu Office ya 2007, faili yenye jina linaloishia na .pptx haibebi makro, inayobeba ni.pptm. Ukitaka ifunguke moja kwa moja kama onyesho, chagua .ppsm. Ukiona onyo lile, bonyeza « Non », kisha chagua aina inayokubali makro. Kama umeshabonyeza « Oui » na faili ingali wazi, usiifunge: ihifadhi tena kama .pptm. Ukishaifunga, kubadilisha herufi za mwisho wa jina hakurudishi kitu.

Tena, faili iliyopitia intaneti, Office inaweza kuzuia makro zake. Ukimjua aliyeituma, na umemwuliza kama ni yeye kweli, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua « Propriétés », weka alama kwenye « Débloquer ». Usipomjua, iache. Virusi hupitia humo humo, na ni sawa na uvumi: kwanza uliza umetoka kwa nani.

Amri zile nimeziandika upya. Nakala moja iko kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi, zote .pptm, na nimezifunga na kuzifungua tena ili nihakikishe. Alhamisi narudi darasani. Yule msichana ameomba abonyeze wa kwanza.