Mgonjwa Wangu wa Houston Anaitwa Chapati

Mtu akitoka Tanga kuja Houston mara ya kwanza, joto halimshangazi. Mwezi wa Agosti ukifungua mlango wa uwanja wa ndege, hewa inakupokea kama ya Raskazone saa nane mchana, nzito, na shati linaganda mgongoni kabla hujafika kwenye gari. Kinachoshangaza ni mbu. Mimi niliambiwa Marekani hakuna mbu. Nani aliniambia sikumbuki, lakini niliamini, na chandarua changu nilimwachia mdogo wangu.

Jiji limekaa juu ya tambarare isiyo na mteremko, nalo limekatwa na mito ya polepole ambayo wenyeji wanaiita bayou. Ulio karibu na kwetu ni Brays Bayou. Unatoka magharibi kwenda mashariki, unapita ubavuni mwa hospitali za Texas Medical Center, na sehemu nyingi kingo zake zimesakafiwa kwa zege kama mfereji mkubwa. Siku za kawaida maji ni kidogo tu katikati, yangeyange wanatembea humo wakitafuta samaki. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipopiga, maji ya mto huohuo yaliingia vyumbani mwa watu wa Meyerland. Mvua ikipita hubaki madimbwi, na kinachozaliwa kwenye madimbwi msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Diploma nilisomea Tanga, digrii nimeipatia hapa. Binti yangu Neema, mwenye miaka tisa, alikuwa ameomba mbwa kwa miaka miwili. Baba yake, mtu wa Bagamoyo, alishikilia kwamba mbwa ni wa nje, analinda nyumba na anakula makombo. Mwezi wa Machi tulishindwa sote wawili. Tukaenda kwenye kituo cha wanyama walioachwa, tukarudi na jike mwenye umri unaokisiwa miaka mitatu, mwekundu wa mchanga mwenye mabaka ya kahawia. Neema akamwita Chapati. Mama yangu, aliyeko Muheza, alipoona picha kwenye simu alisema, "Jina hilo ataliwa huyo."

Karatasi ya kituo ilisema amepimwa minyoo ya moyo na hana. Mwezi wa Mei nikampeleka kwa daktari wa wanyama kwa chanjo tu. Daktari akatoa damu kidogo, akaingia ndani, na baada ya dakika kumi akarudi na uso ambao mimi mwenyewe huuvaa kazini. Nikajua kabla hajasema.

Alinionyesha kwenye hadubini. Tone moja la damu, na ndani yake vijidudu vyembamba vikijinyonganyonga katikati ya chembe nyekundu. Hao walikuwa watoto. Wazazi wao wanaishi kwenye mishipa mikubwa ya mapafu na upande wa kulia wa moyo. Jike mmoja anafikia sentimita 30, na anaweza kuishi miaka mitano hadi saba humo. Mbu anamuuma mbwa mgonjwa, anabeba watoto wa minyoo, wanakomaa ndani yake kama wiki mbili, kisha anawaingiza kwa mbwa mwingine. Kutoka hapo huchukua kama miezi sita mpaka kipimo kiweze kuwaona. Sisi wauguzi tuliofanya ushauri nasaha wa VVU tunakijua kipindi hicho: mtu anapima, anaambiwa hana, naye anao. Kituo huenda hakikunidanganya, lakini hakuna aliyeniambia kwamba hapa kusini mwa Texas mbwa wa mtaani anapaswa kurudiwa kipimo. Jambo hilo bado linaniuma kidogo.

Gharama ya matibabu yote ilikuwa dola 1,600. Nilikuwa na dola 1,900 kwenye akaunti ya akiba, na zilikuwa na kazi: bati za nyumba ya mama.

Mume wangu alisema taratibu, akijua Neema yuko chumba cha pili, "Mama Neema, tungeweza kumrudisha." Hakusema kwa ukatili. Lakini sote tulijua kwamba kituo kilichojaa hakimwekei akiba ya dola 1,600 mbwa mwenye minyoo moyoni. Shemeji mmoja wa jumuiya yetu akanishauri ninunue dawa ya minyoo ya farasi kwenye duka la wakulima, bei ya chakula cha mchana, nimpake mbwa kwenye ulimi. Nikamuuliza daktari, maana nami nahesabu senti. Akaniambia dawa hiyo, ivermectin, ndiyo iliyomo katika baadhi ya vidonge vya kinga vya kila mwezi, lakini kwa kipimo kidogo mno. Ya farasi ni kali, kukosea kipimo ni rahisi, na kuna mbwa wa asili fulani ambao miili yao haiivumilii. Na watoto wa minyoo wakifa wengi kwa mpigo, mbwa anaweza kuzimia. Minyoo mikubwa yenyewe ingechukua miaka kuisha, huku ikiendelea kuharibu mapafu.

Usiku huo nikiwa kazini, kwenye mapumziko ya saa tisa, nilimpigia mama. Muheza ilikuwa imeshakucha zamani. Nilijiandaa kusema habari ya bati, nikajikuta naeleza ugonjwa. Nikamwambia, "Mama, mnyoo huu ni wa ukoo mmoja na ule wa matende. Unaletwa na mbu vilevile. Hata hiyo ivermectin ndiyo ileile waliyokuwa wanapita kutugawia nyumba kwa nyumba."

Akanyamaza. Nilidhani simu imekatika.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na matende. Mguu wa kushoto. Nilimkuta hivyo tangu nazaliwa, anakaa chumba cha uani, hatoki mchana. Wazee walisema amekanyaga kitu alichowekewa njiani, na fedha zilikwenda kwa waganga. Alipofariki mimi nilikuwa darasa la sita. Nadhani ndiye aliyenipeleka kwenye uuguzi, ingawa kwenye fomu ya kuomba chuo niliandika sababu nyingine.

"Kaka tulimsubirisha," mama alisema mwishowe. "Kila mwaka tulisema mwakani tutampeleka hospitali kubwa." Kisha akauliza, "Huyo mbwa mjukuu wangu anampenda?"

Nikasema ndiyo.

"Bati lina kutu tangu enzi za baba yako. Litangoja. Ila msimlaze kitandani."

Matibabu yalianza na mwezi mmoja wa doksisaiklini, ambayo huua bakteria wanaoishi ndani ya minyoo na kuidhoofisha. Halafu mwezi wa kungoja. Halafu sindano yenyewe, iitwayo melarsomine, iliyotengenezwa kwa aseniki. Hapo moyo ulinidunda. Chuoni tulifundishwa juu ya melarsoprol, dawa ya kundi hilohilo, iliyotumika kwa wagonjwa wa malale ambao ugonjwa umefika kwenye ubongo. Mwalimu wetu alisema ni dawa inayookoa wengi na kuua baadhi, na mgonjwa usimwache peke yake. Nikamuuliza daktari kama ni ndugu. Akaniangalia upya, akasema ni ndugu, na kuanzia hapo tuliongea kama watu wa kazi moja.

Sindano ya kwanza Julai, mbili zilizofuata Agosti, siku mbili mfululizo, ndani kabisa ya misuli ya mgongo. Hatari kubwa haiko siku ya sindano. Iko minyoo inapokufa, vipande vyake vinaposukumwa na damu na kuziba mishipa ya mapafu. Kwa hiyo mbwa hakimbii, haruki, hapandi ngazi, kwa miezi. Tulimwekea kizimba sebuleni. Kwenda haja ni kwa kamba, dakika tano, na kurudi. Neema alibandika mlangoni karatasi: "Mgonjwa amelala. Msipige kengele."

Siku ya nane baada ya sindano ya mwisho nilirudi kutoka zamu saa moja na nusu asubuhi, nikamkuta anakohoa, shingo ameinyoosha mbele. Nikamfunua mdomo, ufizi umepauka. Nikahesabu pumzi kwa saa ya mkononi: 46 kwa dakika akiwa amelala tu, na mbwa aliyepumzika hatakiwi kuzidi 30. Nilimbeba kilo 22 hadi kwenye gari nikiwa bado na sare ya kazi. Walimweka kwenye oksijeni usiku kucha na kumwongezea dawa ya kupunguza uvimbe. Kikao cha kungoja nilikifahamu, ila siku zote nimekuwa upande wa pili wa mlango. Zile dola 300 zilizokuwa zimebaki zikaenda humo.

Neema aliniuliza garini kama Chapati atakufa. Nilimjibu kama ninavyowajibu ndugu wa wagonjwa: hatujui, tunamwangalia. Akasema hilo si jibu. Mimi pia nilikuwa siku zote nalishuku.

Alirudi nyumbani kesho yake, mikononi mwa mume wangu, yule wa mbwa ni wa nje.

Sasa ni mwishoni mwa Oktoba na joto limevunjika. Daktari ameturuhusu kutembea, dakika kumi kwa siku, polepole. Watoto wa minyoo hawaonekani tena kwenye damu, lakini kipimo cha kujua kama wakubwa wameisha hufanywa miezi tisa baada ya sindano ya mwisho, yaani Mei. Kidonge cha kinga anameza kila mwezi, hata wa Desemba, maana mbu wa hapa hawajui likizo.

Jumamosi tulishuka Brays Bayou sote wanne, saa kumi na mbili asubuhi. Chapati alisimama kwenye ukingo wa zege akamtazama yangeyange kwa muda mrefu, hakubweka, na hatukumharakisha. Mama alipiga simu tukiwa palepale. Kabla ya salamu za Neema, kabla ya kuuliza habari ya mvua, aliuliza kama mgonjwa amekula.