Kutoka Nakuru Hadi London

Septemba moja tulimsindikiza mpwa wangu aliyekwenda kusoma Uingereza. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800, na ndege isiyotua njiani huchukua saa tisa hivi. Lakini sisi wa Nakuru huanza kuhesabu mapema: kwanza kilomita 160 za barabara, kisha msongamano wa jijini. Siku hiyo lori lilikuwa limepinduka karibu na Gilgil. Tulikwama kwa muda wa saa tatu, mama yake akitazama saa kila dakika.

Lilipoonekana Ziwa Naivasha, nilimsimulia kijana kisa cha kumwondolea wasiwasi. Kati ya 1937 na 1950, ndege za kutua majini kutoka Southampton zilikuwa zikishukia ziwani humo! Abiria walipelekwa Nairobi kwa basi. Safari ilikula siku kadhaa, watu wakilala njiani.

"Kumbe zamani ndege zilikuwa karibu nasi, mjomba," akasema.

Embakasi tulimkuta mpokea mizigo akijiandaa kufunga. Hata kuagana vizuri hatukuwahi. Mama yake alibaki mlangoni akipunga mkono, kifurushi cha chapati alizompikia bado kwapani.